Shajara ya mradi: picha bila kamera na rada ya sauti, Sakina, Arusha

Jumamosi, Machi 8, 2025

Leo tumeanza rasmi. Chumba ni kile cha nyuma hapa Sakina, dirisha limezibwa kwa turubai jeusi, na ukutani nimeandika kwa chaki malengo mawili. La kwanza ni kupata picha ya kitu kwa kutumia kitambuzi kimoja cha mwanga kisicho na lenzi wala pikseli. La pili ni kuichukua hesabu hiyohiyo na kutafuta kitu kwa mwangwi wake, kama rada inavyofanya. Tuko mimi, vijana wawili waliomaliza stashahada ya umeme hapa mjini, na binti wa programu anayekuja jioni akitoka kazini. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huu kuwa wa sayansi na teknolojia ya kwanta duniani, yaani fizikia ya mwanga na chembe ndogo kabisa, na sikutaka upite sisi tukisoma habari za wenzetu tu.

Chimbuko la mradi ni jaribio la mwaka 1995 la kikundi cha Yanhua Shih, Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, Marekani. Walielekeza leza ya urujuanimno kwenye fuwele iitwayo BBO. Mara chache fotoni moja (chembe ya mwanga) ikiingia humo hutoka fotoni mbili, pacha, na ukijua mmoja ameelekea wapi unajua na mwenzake yuko wapi. Pacha wa kwanza alipitishwa kwenye kipande chenye herufi UMBC zilizokatwa, akaishia kwenye kitambuzi kinachohesabu tu bila kujua fotoni imepita kwenye herufi gani. Pacha wa pili hakukutana na herufi hizo hata kidogo. Alipokelewa na kitambuzi kingine kilichokuwa kikisogezwa hatua kwa hatua. Ukisoma kitambuzi chochote peke yake huoni kitu. Ukichukua zile nyakati ambazo vyote viwili vimelia pamoja, herufi zinajitokeza.

Mwaka 2002 kikundi cha Robert Boyd, Chuo Kikuu cha Rochester, kikaonyesha kwamba picha ya namna hiyo inaweza kupatikana hata bila mapacha, kwa mwanga wa kawaida uliopangwa vizuri. Mwaka 2008 Jeffrey Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, akaenda mbali zaidi: kama ruwaza za mwanga (michoro ya mwanga na giza) unazitengeneza mwenyewe kwa kompyuta, mkono wa pili, ule wenye kitambuzi kinachosogezwa, wa nini? Tayari unajua ulichotuma.

Hapo ndipo penye swali linaloniweka kwenye jambo hili. Kama sehemu kubwa inafanyika kwa mwanga wa kawaida, kwanta inaongeza nini hasa, na inaongeza wapi? Magazeti yanaandika "rada ya kwanta" kana kwamba kesho itaona kila ndege iliyojificha. Mimi nataka tuufikie mpaka huo kwa mikono yetu, tujue kipi kiko upande huu na kipi kiko upande wa pili.

Jumamosi, Machi 22

Vifaa vimepatikana. Projekta ya kumulika ruwaza juu ya kitu ni ya mtumba, taa yake imechoka kidogo lakini inatosha. Kitambuzi ni fotodayodi BPW34, kipande cha bei ndogo sana. Nyuma yake kuna amplifaya ya TL072 yenye rezista ya megaomu 1, inayogeuza mkondo mdogo wa fotodayodi kuwa volti za kupimika.

Kwenye kusoma volti hizo ndiko tulikokaa muda mrefu. Arduino Uno inagawa volti 5 katika ngazi 1,024, yaani kila ngazi ni karibu milivolti 5. Ruwaza zetu ni za Hadamard: katika kila ruwaza, isipokuwa ya kwanza, nusu ya visanduku vinawaka na nusu vimezimwa, kwa hiyo mwanga unaorudi unakuwa karibu uleule siku zote. Habari yote ya picha imo kwenye tofauti ndogo kati ya ruwaza na ruwaza, na kwa ngazi za milivolti 5 tofauti hizo zinamezwa. Tumeweka kigeuzi cha ADS1115 cha biti 16, ngazi yake ikawa milivolti 0.125, na tofauti zikaanza kuonekana kwenye grafu.

Jambo la pili ni taa za mtaani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Mwanga wa jirani unaopenya pembeni mwa turubai ulichora mawimbi mazuri kabisa juu ya vipimo vyetu. Dawa yake ni kukusanya vipimo kwa milisekunde 100 kamili kwa kila ruwaza, ili mizunguko 10 ya kupepesa iingie yote na kufutana. Ruwaza 10 kwa sekunde basi. Polepole, lakini safi.

Jumamosi, Aprili 12

Tumepata K!

Tulikata herufi K kwenye kibati, tukaipaka rangi nyeupe na nyuma yake tukaweka kitambaa cheusi. Tuliichagua K kwa sababu ikigeuka kushoto-kulia unajua mara moja. Picha ni ya visanduku 32 kwa 32, yaani ruwaza 1,024, na kila ruwaza inafuatwa na kinyume chake, pale palipowaka pakizimwa na palipozimwa pakiwaka. Jumla ni 2,048, kama dakika tatu na nusu. Unatoa kipimo cha kinyume kwenye kipimo cha ruwaza yenyewe, unazidisha jibu kwa ruwaza hiyo, kisha unajumlisha zote. Ndiyo hesabu yote.

Binti wa programu alizipanga ruwaza zianze na zile zenye mabaka makubwa. Ukitazama kompyuta, kwanza linakuja wingu upande wa kushoto, kisha wingu linasimama kuwa mguu wa K, halafu mikono miwili inafunguka. Wote tulikaa kimya mpaka mkono wa chini ulipomalizika. Kitambuzi chenyewe kilikuwa kimelala juu ya meza, kimeelekea darini, hakikuitazama K hata mara moja. Kilikuwa kinapokea mwanga uliotawanyika chumbani tu. Nimesoma nadharia yake kwa miaka, lakini kuiona ikitokea kwenye chumba chako ni kitu kingine.

Umeme ulikatika mara mbili katikati, na mvua za masika zinagonga bati kiasi cha kutosikilizana. Sasa projekta inatumia betri ya gari na inveta.

Niweke wazi kuhusu upambanuzi. Katika mpangilio huu, udogo wa kitu unachoweza kutofautisha unaamuliwa na kisanduku cha ruwaza kinavyotua juu ya kitu. Kitambuzi hakina sauti katika hilo. Ukitaka picha kali zaidi unapunguza ukubwa wa visanduku, na bei yake ni muda: visanduku 64 kwa 64 vinahitaji ruwaza 4,096 na vinyume vyake, zaidi ya dakika 13 kwa mwendo wetu.

Jumamosi, Mei 10

Siku ya maziwa. Tumeazima tangi la samaki la kioo, tukalijaza maji, tukawa tunadondosha maziwa tone baada ya tone na kukoroga. Matone ya mafuta ya maziwa yanatawanya mwanga kama ukungu unavyofanya, na unaweza kuongeza ukungu wako kwa kipimo.

Tangi likikaa kati ya K na kitambuzi, simu yetu iliyowekwa pembeni ya kitambuzi inaona weupe mtupu, lakini K yetu inaendelea kutoka. Inafifia, kelele za vipimo zinaongezeka, lakini umbo halipotei. Sababu ni kwamba ruwaza zimeshaigusa K kabla ya kufika kwenye maziwa, na kitambuzi kinachohesabu mwanga wote hakijali mwanga umepinda njia mara ngapi, mradi umefika. Tulipolihamishia tangi upande wa pili, kati ya projekta na K, picha ikafa kwa matone machache tu, kwa sababu sasa ruwaza zenyewe zinafika zikiwa zimevurugwa. Hili la upande wa pili halisemwi vya kutosha. Mtu akikwambia njia hii "inaona kupitia ukungu", muulize ukungu uko upande gani.

Mchana alipita jirani yetu ambaye ni mwongozaji wa mlimani, njia ya Marangu. Aliitazama K kwa muda mrefu.

"Mwalimu, moto ule wa Oktoba 2020 ulipowaka kule juu, moshi ulikuwa hauoni hata mwenzako wa mbele. Hiki kingetuonyesha mtu?"

"Kwa mwanga huu wa projekta, hapana, kaka. Moshi ungeziharibu ruwaza kabla hazijamfikia mtu."

"Sasa kingefaa nini?"

Nikamweleza. Chembe nyingi za moshi ni ndogo kuliko mikromita 1. Mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14, ule ambao mwili wa mtu wenyewe unautoa kwa joto lake, unapita kwenye moshi wa namna hiyo vizuri zaidi, na ndiyo maana zimamoto wanabeba kamera za joto. Ukungu wa Kilimanjaro ni habari nyingine: vitone vyake vya maji vina ukubwa wa mikromita kadhaa hadi makumi, na hapo infraredi hiyo nayo inahangaika. Kwa ukungu unahitaji mawimbi marefu zaidi, ya rada. Akasema, "Basi fikeni huko kwenye rada, mwalimu." Tutafika, angalau kwa hesabu.

Jumamosi, Juni 14

Baridi imeingia, Meru haijaonekana wiki nzima. Tumeiweka projekta pembeni, tumeingia kwenye leza na kioo.

Fundi wa vioo upande wa Kilombero alitukatia duara la kioo cha dirisha, sisi tukalisugua kwa msasa na maji mpaka likawa kama kioo cha bafuni, mwanga unapita lakini mtu haonekani. Duara limefungwa kwenye mota ya kicheza DVD. Leza nyekundu ya nanomita 650 ikipita hapo, ukutani panatokea madoadoa ya mwanga na giza. Kioo kikizunguka, madoadoa yanachemka. Mwanga huu unafanana kitabia na mwanga wa nyota au wa balbu, ila unabadilika polepole kiasi cha kupimwa kwa kamera ya bei ndogo iliyotolewa lenzi. Mwale wa upana wa milimita 2 na umbali wa mita 1 unatoa doa la karibu theluthi moja ya milimita, kwa hiyo doa moja linafunika pikseli mia moja hivi kwa upana. Hakuna haja ya kifaa cha anasa.

Tunapima kitu kimoja: wastani wa mraba wa nguvu ya mwanga, ukigawanywa kwa mraba wa wastani wake. Leza safi inatoa 1. Mwanga wa nyota, ukiupima kwa haraka inayotosha, unatoa 2, maana yake fotoni zake zinapenda kufika kwa mafungu. Chanzo kinachotoa fotoni moja moja kinashuka chini ya 1, na huko hakuna wimbi la kawaida linaloweza kufika. Huo ni mpaka wa kweli wa kwanta. Kioo kikiwa kimesimama na leza ikipita kando yake, tulipata 1. Kioo kikizunguka, namba ilipanda ikakaribia 2, ikapungua kidogo kwa sababu kila pikseli inachukua wastani wa eneo lake na kamera inachukua wastani wa muda wake. Kijana wetu mmoja aliipunguza kasi ya mota, namba ikasogea juu. Aliirudisha kasi, ikashuka. Akawa anacheza nayo hivyo, juu, chini, mpaka ikaingia mwilini.

Hii ndiyo kazi ya Robert Hanbury Brown na Richard Twiss. Hanbury Brown alikuwa mtu wa rada za ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaingia kwenye unajimu wa redio, na mwaka 1956 wawili hao wakatangaza kipimo cha upana wa nyota ya Sirius walichokipata Uingereza kwa vioo viwili vya taa kubwa za kumulikia anga. Hawakuunganisha mawimbi ya mwanga yenyewe. Walilinganisha tu kupanda na kushuka kwa nguvu yake katika vioo viwili. Wanafizikia wengi walikataa kwamba fotoni za nyota zinaweza kufika kwa mafungu. Kipimo kilisimama. Baadaye, kule Narrabri, Australia, mtambo wao wenye vioo vya upana wa mita 6.5 kwenye reli ya duara la mita 188 ulipima upana wa nyota 32. Roy Glauber akaandika nadharia kamili ya kwanta ya mwanga mwaka 1963, na akapewa Nobel mwaka 2005. Kwa maoni yangu optiki ya kwanta ilizaliwa pale, kwa mtu aliyetoka kwenye rada akitafuta upambanuzi mkubwa zaidi. Kwa hiyo kuziweka picha na rada kwenye mradi mmoja si kubambikiza.

Jumatano, Juni 25

Fupi. Tumegawa mara mbili mwanga wa kioo kinachozunguka, upande mmoja tundu lenye umbo na kitambuzi, upande mwingine kamera. Picha imetoka, imepauka. Ndivyo inavyopaswa: kwa mwanga wa namna hii, picha ghafi ya korelesheni (kulinganisha vipimo vya pande mbili) haiwezi kuvuka theluthi moja ya utofauti kamili wa mwanga na giza, kwa kuwa namba yetu ni 2 juu ya usuli wa 1, na 2 kutoa 1, gawanya kwa 2 jumlisha 1, ni theluthi. Fotoni pacha hazina kizuizi hicho; usuli wao unaweza kushuka karibu na sifuri. Mpaka wa kwanza tumeugusa, na una namba.

Jumamosi, Julai 12

Rada. Kurusha mawimbi ya redio ovyo hairuhusiwi bila kibali, na hakuna sababu ya kuanza huko. Tumetumia sauti. Spika inatoa mvumo usio na mpangilio, kama redio isiyoshika stesheni, wenye upana wa kilohezi 10 kwa sekunde 1. Maikrofoni inarekodi. Kompyuta inachukua nakala ya mvumo uliotumwa na kuitelezesha juu ya rekodi, ikitafuta pale zinapofanana. Panapofanana panachomoza kilele, na mahali pa kilele ndipo umbali wa ubao tuliousimamisha uani.

Kuzidisha upana wa masafa kwa muda, 10,000 kwa 1, ndiko kunakokupa nguvu: kelele zinashushwa mara 10,000 ukilinganisha na mwangwi, sawa na desibeli 40. Jioni ile jirani alikuwa na sendofu, spika zake ni za kukodi, nyimbo zinatikisa vyombo jikoni kwetu. Kwenye rekodi ghafi sikio halisikii mwangwi wowote. Kilele kilisimama palepale, mita 4.

Asubuhi kilikuwa kimesema mita 4.05. Ubao haukuguswa. Kilichobadilika ni hewa. Tukiwa kwenye nyuzi 12 asubuhi, sauti inakwenda karibu mita 339 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 20 inakwenda mita 343, na programu ilikuwa inatumia 343 muda wote. Mwinuko wa Arusha hauhusiki hapo, ni joto tu. Sasa kipimajoto kimeunganishwa na programu, na ubao umetulia. Upambanuzi wa umbali ni sentimita 1.7, yaani kasi ya sauti gawanya kwa mara mbili ya upana wa masafa.

Alhamisi, Julai 17

Usiku huu tumekaa na karatasi tu, na nadhani ndio usiku wenye maana kuliko yote.

Rada yetu ya mvumo inatuma kitu na kubaki na nakala. Ile ambayo Seth Lloyd wa MIT aliipendekeza mwaka 2008 inafanya hivyohivyo, ila nakala ni fotoni pacha: mmoja anakwenda kwenye shabaha, mwingine anangoja nyumbani. Swali ni lile la Machi. Pacha anazidi nakala ya kawaida kwa kiasi gani?

Jibu ni fomula fupi. Chukua modi moja ya mawimbi, yaani nafasi moja katika masafa na wakati, na uite N wastani wa fotoni zilizomo. Nakala bora ya kawaida inatoa korelesheni ya N. Pacha wanatoa kipeuo cha pili cha N(N+1). Weka N kuwa 10: kawaida 10, pacha 10.49, faida ni asilimia 5 tu. Weka N kuwa 0.01: kawaida 0.01, pacha 0.1005. Mara kumi! Faida yote imejificha pale ambapo fotoni ni chache mno, chini kabisa ya moja kwa kila modi. Vijana waliomba kubadilisha N wenyewe, wakachora mkunjo wote ubaoni.

Si-Hui Tan na wenzake, mwaka huohuo wa 2008, walionyesha kwamba kwenye kelele nyingi faida hii inafikia mara 4, desibeli 6, katika kasi ambayo uwezekano wa kukosea unapungua kadiri unavyoendelea kupima. Na inabaki hata baada ya kelele kuuvunja kabisa ufungamano wa pacha, yaani uhusiano wao wa kwanta, njiani. Hili linanishangaza kila ninapolirudia. Kelele nyingi ndiyo hali ya kawaida ya rada: kwenye gigahezi 10, joto la kawaida la mazingira peke yake linaweka fotoni zaidi ya 600 katika kila modi. Kwa mwanga unaoonekana, hata ukingoja maisha yako yote, joto hilo halitakupa kitu.

Sasa gharama. Fotoni moja ya gigahezi 10 ina nishati ya karibu julu 6.6 × 10⁻²⁴. Ukituma 0.01 ya fotoni kwa kila modi, na una upana wa gigahezi 1, yaani modi bilioni moja kwa sekunde, nguvu yote unayorusha ni wati 6.6 × 10⁻¹⁷. Rada ya kiwanja cha ndege inarusha mapigo ya kilowati nyingi. Kuongeza nguvu ya kwako huwezi, maana ukiongeza N faida inapotea. Unabaki na kuongeza muda au upana. Modi trilioni moja ni sekunde 1,000, na ndege haingoji. Zaidi ya hayo, pacha aliyebaki nyumbani lazima atunzwe bila kupotea mpaka mwenzake arudi, na vifaa vinavyozalisha pacha wa maikrowevu (mawimbi ya rada) vinafanya kazi kwenye baridi ya milikelvini, juu kidogo tu ya sifuri halisi.

Ndiyo maana matokeo ya maabara yana unyenyekevu wake. Jaribio la maikrowevu lililotangazwa mwaka 2020 na Shabir Barzanjeh, Johannes Fink na wenzao huko Austria lilikuwa la umbali wa mita 1. Mwaka 2023 kikundi cha Lyon, Ufaransa, kilionyesha faida ya asilimia 20 juu ya njia bora ya kawaida yenye nguvu ileile. Asilimia 20 iliyopimwa kwa uaminifu ina thamani kubwa kwangu kuliko ahadi ya kuona ndege iliyo kilomita mia moja. Kama kifaa hiki kitapata kazi, naona itakuwa karibu: kuchunguza kitu kisichostahimili nishati nyingi, umbali wa meza.

Nilimpelekea jirani mwongozaji jibu lake. Rada ya kawaida ya mawimbi ya milimita, kama zile zinazofungwa kwenye magari mapya, itapita kwenye ukungu wake bila kuhitaji kwanta. Alifurahi, alidhani nitamwambia asubiri miaka 20.

Jumamosi, Agosti 23

Baada ya Nane Nane tumerudi kwenye picha, kwa sababu huku ndiko kwanta ilikotoa kitu ambacho hata sisi tunaweza kukishika bila jokofu la milikelvini.

Kila mwanafunzi wa fizikia anafundishwa kigezo cha Rayleigh: nukta mbili za mwanga zikikaribiana chini ya kipimo fulani, zinaungana kuwa doa moja. Kwa lenzi yetu ya fokasi ya milimita 200 na tundu la milimita 2, kipimo hicho ni mikromita 79. Mwaka 2016 Mankei Tsang, Ranjith Nair na Xiao-Ming Lu walipiga hesabu ya kwanta ya tatizo hili wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa: habari kuhusu umbali kati ya nukta mbili haipotei zinapokaribiana. Imo kwenye mwanga wakati wote. Inapotea kwa sababu ya namna tunavyoupima, yaani kuupiga picha. Ukiutenganisha mwanga kwa maumbo ya mawimbi yake badala ya mahali unapotua, habari hiyo iko palepale.

Kikundi cha Aephraim Steinberg, Toronto, kilifanya jambo hili kwa kipande kinachochelewesha nusu ya mwale kwa nusu ya wimbi. Sisi tunatumia kioo chembamba cha kufunikia slaidi za hadubini. Kinafunika nusu ya mwale, na tunakiinamisha kidogo kidogo mpaka nusu mbili zikinzane. Chanzo kikiwa kimoja na kimekaa katikati, nusu hizo zinafutana na kwenye kitundu cha katikati panakuwa giza. Vyanzo vikiwa viwili, kila kimoja kimesogea kando kidogo, kufutana hakukamiliki na mwanga unavuja. Mvujo unakua kwa mraba wa umbali. Picha ya kawaida nayo inapanuka kwa mraba uleule, lakini unatafuta upanuko huo juu ya doa angavu lenye kelele zake za fotoni. Hapa unautafuta juu ya giza.

Jumamosi, Septemba 6

Giza limepatikana, si kamili. Barabara ya Namanga iko karibu, na lori likipita mvujo unaruka kwenye grafu. Tumeweka bamba la marumaru juu ya tyubu za pikipiki zilizojazwa hewa nusu, mruko umepungua sana lakini mchana bado upo. Fotodayodi ni ileile ya Machi. Rezista yake tumeipandisha hadi megaomu 10 na tumeifunga ndani ya kopo la bati ili isishike mawimbi ya simu.

Vyanzo viwili tunavipata kwa chanzo kimoja kinachosogezwa kwa skurubu ya mikromita na kupimwa kila upande, kisha tunajumlisha nguvu za mwanga. Inakubalika, kwa kuwa vyanzo visivyo na uhusiano hujumlishwa nguvu hivyohivyo. Kwa mikromita 60 na 40 mvujo umefuata mraba. Mikromita 20, robo ya kipimo cha Rayleigh, mvujo unaotarajiwa ni asilimia chache tu za mwanga wote, na mitikisiko ya mchana inaufunika. Tutaipima Jumatano kuanzia saa sita usiku, malori yakipungua. Binti wa programu anaandaa kuchuja vipimo vyote vilivyochukuliwa wakati kipimamtikisiko cha simu kimeruka.

Baada ya hapo, kwa lenzi ileile, umbali uleule na idadi ileile ya fotoni, tutapiga picha ya kawaida na kuweka makadirio ya njia mbili kwenye grafu moja.